Kidonda Nilichokiosha Mara Tano kwa Siku

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Hapana, huko si kuitikia salamu, huko ni kukohoa. Assalaam alaykum! Naam, hivyo. Na akina mama huko nyuma ya pazia nimewasikia, Mwenyezi Mungu awazidishie kheri. Alhamdulillahi! Alhamdulillahi, ndugu zangu, kwa mguu huu wa kulia ninaoukanyagia mkeka huu!

Mimi ni Kombo, Kombo wa halua. Wengi wenu mmekula halua yangu harusini kwenu, na wachache bado mnaisengenya kuwa ina samli nyingi. Shehe ameniambia nisimame baada ya swala hii ya alasiri niseme jinsi Mungu alivyonitoa. Nikamwambia, Shehe, mimi mpishi, sijui kutoa mawaidha. Akasema hataki mawaidha, anataka yaliyonikuta. Basi nitasema yaliyonikuta, na mengine ni ya aibu. Yavumilieni, kwa kuwa mimi niliyavumilia miaka kumi na miwili.

Ilianza miaka ile vyama vingi viliporudi, mwaka wa uchaguzi. Mnajua ulivyokuwa hapa kwetu Pemba. Tuligawana mpaka visima. Mtu hakwenda maziko ya jirani yake kwa sababu ya rangi ya bendera. Na mimi nilikuwamo, tena nilikuwamo mbele, maana nina maradhi ya mbele: msikitini safu ya kwanza, mkutanoni safu ya kwanza, kwenye ugomvi safu ya kwanza.

Siku mbili kabla ya Idi nilikuwa na karai kubwa la halua jikoni. Asiyejua halua nimwambie: ukishaanza kukoroga huachi, ukiacha inaganda chini na kazi yote imepotea. Figa moja la jiko lilikuwa na ufa. Niliuona ule ufa asubuhi, nikasema figa litavumilia mpaka sikukuu ipite. Halikuvumilia! Lilipasuka, karai likalala upande, na halua ikanimwagikia mguuni, mbele ya kifundo kushukia juu ya wayo. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka, yanakwenda zake. Halua haiendi, inakaa. Nilipoifuta, ngozi ilikuja pamoja nayo. Nilipiga ukelele ambao watoto wa jirani, sasa ni watu wazima wana watoto wao, mpaka leo wananiiga.

Watu wakanijia na dawa. Huyu na ute wa yai, huyu na asali, huyu na dawa ya mswaki, mwengine na unga wa ngano. Mguu wangu siku ile ulibakia kutiwa iliki tu. Na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika kumi, ndugu zangu! Sikwenda. Tabibu wa pale alikuwa wa chama kile kingine. Nikasema, huyo hanigusi. Yeye mwenyewe aliposikia alinitumia salamu niende, nikamrudishia salamu zake pamoja na maneno ambayo hayasemeki humu msikitini. Alikuwa mtu mwema, na nilikwenda kumwomba radhi baadaye, lakini mguu ulikuwa umeshatangulia kulipia.

Sehemu kubwa ilipona, ikaacha kovu la kung'aa. Pakabaki pahala pamoja pale kifundoni, ukubwa wa kiganja cha mtoto, pakakataa kufunga. Wazee wanakijua kidonda cha namna ile, wanakiita kidonda ndugu, kwa sababu hakikuachi. Mwezi, mwaka, miaka miwili, kipo tu. Wengine wakasema nimefanyiwa hasadi kwa ajili ya halua yangu. Nilipenda kulisikia hilo, kwa sababu lilinisifu.

Sasa sikilizeni lililokuwa likikizuia kisipone. Hapakuwa na hasadi wala jicho la mtu. Ni mimi!

Mnajua kutia udhu, hakuna humu asiyejua. Unaosha uso, unaosha mikono, unapaka kichwa, unaosha miguu mpaka vifundoni. Na kidonda changu kilikuwa papo hapo kifundoni. Nilikwenda kituoni, baada ya mambo ya vyama kupoa kidogo, nikasafishwa na kufungwa bandeji nyeupe nzuri. Nikaambiwa, Mzee Kombo, usiifungue na usiitie maji, rudi keshokutwa. Nikasema ahsante. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, nikaifungua! Nikakaa kwenye birika la msikiti, nikaosha kidonda mara tatu kwa maji yale yale tunayooshea miguu sote. Halafu nikakifunga kwa kitambaa kile kile, kibichi. Alasiri tena. Magharibi tena. Mara tano kwa siku, miaka kumi na miwili.

Na niliona fahari! Hili ndilo linaloniuma kulisema. Maji yalipogusa nyama nilikuwa nikiuma meno, na moyoni nasema, nani hapa Vitongoji anaswali kwa maumivu kama haya? Nilimtazama mwenzangu wa safu ya pili na miguu yake mizima nikamwona mswalihina wa bei rahisi. Mke wangu, Bi Mize, alikuwa akiniambia, "Baba Sada, kamuulize Shehe kama lazima ufungue." Nami namjibu, "Miye nimesoma, Mize. Hapana la kuuliza." Mimi nimsikilize nani? Nilikuwa nikiadhini humu wakati Shehe mwenyewe yuko chuoni anaimba alifu be te.

Mwaka wa kumi na mbili kidonda kikabadilika. Kingo zake zikainuka na kupinduka nje, ngumu, kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Kikawa kinatoa damu bila kuguswa. Na kikanuka, ndugu zangu. Kilinuka harufu ambayo haifichiki. Nilijipaka mafuta mazuri, nikajifukiza udi mpaka macho yakatoka machozi, na harufu ikatoka pamoja na udi.

Siku moja ya Ijumaa nilisimama pale, pale kwenye nguzo, safu ya kwanza, pahala pangu. Imamu akasema tusawazishe safu, tusiache nafasi. Watu wakasogea, bega kwa bega. Nami nikabaki na nafasi kulia na nafasi kushoto. Jirani yangu wa miaka yote alisogea kwa mwenzake mpaka akamkanyaga, lakini kwangu hakuja. Niliswali swala ile nikiwa peke yangu katikati ya watu mia. Nilirudi nyumbani nikalia chooni, nimefungua maji ya bomba ili Bi Mize asinisikie. Akanisikia.

Kesho yake alinipeleka hospitali. Hakuniuliza kama nataka.

Daktari aliyenipokea ni kijana, Daktari Nassor, mtu wa maneno machache. Alikitazama kidonda, akakigusa kingo, halafu akaniminya huku kwenye kinena kutafuta mtoki, zile tezi zinazovimba. Akauliza kina muda gani. Nilipomwambia, aliacha kuandika. Akasema kovu la kuungua likikaa na kidonda kisichopona miaka mingi, pana hatari ya kugeuka. Akakata kipande kidogo pembeni kikapelekwa Unguja kupimwa. Nikangoja wiki tatu, na jibu likaja: saratani ya ngozi.

Lahaula! Mimi nilidhani saratani ni maradhi ya ndani, ya tumbo na matiti. Sikujua kuwa ngozi nayo yaugua hivyo. Bi Mize alikaa chini sakafuni pale pale ofisini kwa daktari. Lakini daktari akasema, "Mzee wangu, umechelewa lakini hujachelewa kabisa. Haijapanda kwenye mtoki. Tutaikata yote na nyama nzima kidogo pembeni, kisha tutachukua ngozi ya paja lako tuibandike juu. Mguu utabaki." Mguu utabaki! Nilimshika mkono nikambusu kiganja, na yeye akauvuta kwa haya.

Nikapasuliwa. Nilichomwa sindano ya mgongo, nikalala macho nimezibiwa pazia, nawasikia wanazungumza habari za mpira. Walipomaliza, mguu ulikuwa umefungwa bandeji nene mpaka chini ya goti, na paja linawaka moto pale walipochukua ngozi. Daktari Nassor akaja kitandani akanyanyua kidole. Akasema ngozi iliyobandikwa ni kama mche uliohamishwa, siku za mwanzo haina mizizi, ukiutikisa umekufa. Siku tano bandeji haifunguliwi, haitiwi maji, mguu haushuki chini. "Umenielewa, Mzee Kombo?" Nikasema, nimekuelewa, daktari.

Siku ya kwanza sikuswali kwa sababu ya kizunguzungu. Siku ya pili sikuswali, na moyo ukaanza kuniwasha. Kitanda cha pili yangu alilala mvuvi wa Kisiwa Panza, Hamadi, mtu wa makamo, ameungua mkono kwa petroli ya mashine ya boti. Yeye alikuwa akitia udhu kwa kikombe, na ule mkono wenye bandeji anaupangusa tu juu juu kwa kiganja kibichi, halafu anaswali kwa kukaa. Nikamwangalia siku mbili. Siku ya tatu nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Bwana Hamadi, hiyo si swala. Maji hayajafika mkononi." Akababaika. Akasema ndivyo alivyofunzwa kwao. Nikamwambia kwao wamemfunza vibaya.

Na kwa kumwonyesha udhu ulivyo, mimi mwalimu, nikasubiri muuguzi atoke, nikateremka kitandani, nikachechemea mpaka bafuni. Ilikuwa Ijumaa. Nikafungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, nikachota maji kwa kopo, nikaosha mguu mara tatu. Mara ya kwanza ngozi iliinuka pembeni. Mara ya tatu ilitoka yote, nyembamba, nyeupe, kama ganda la kitunguu, ikaenda na maji kwenye mfereji wa bafu. Nilisimama naitazama inaondoka. Halafu nikajifunga upya kwa mikono yangu hii ya kukorogea halua, nikarudi kitandani nikaswali, na wallahi niliona nimeshinda.

Siku ya tano daktari akafungua. Hakukuwa na ngozi. Palikuwa na usaha wa kijani na harufu yake. Akaniuliza, "Bandeji hii nani kaifunga?"

Nikasema, "Sijui, daktari."

Ndugu zangu, nisikieni! Mtu aliyefungua kidonda ili swala yake isiharibike, amesema uongo mchana kweupe, na udhu wa swala bado anao! Wala sikuona kuwa mambo hayo yanapingana. Kiburi kikikaa moyoni kinakaa na kila kitu, kinakaa hata na uchamungu, tena hapo ndipo kinaponenepa.

Wakaanza kunisafisha kila siku, ili kidonda kitulie wanibandike tena. Kila wakisafisha, mimi nakwenda bafuni. Na Hamadi naye akaniiga. Alifungua bandeji yake siku moja, muuguzi akamkuta kopo mkononi, akampokonya kabla hajajimwagia. Alipoulizwa nani kamwambia, alinitazama. Hakunitaja. Niligeukia ukutani.

Wiki ya pili daktari alikuja na Bi Mize. Akasema uchafu unazidi na haelewi unaingia wapi. Ukifika mfupani hana la kufanya, itabidi mguu ukatwe chini ya goti. Anatoa siku tatu.

Sasa nitawaambia nililolifikiri, na nisameheni. Nilifikiri: mguu ukikatwa, hapana mguu wa kuoshwa, udhu utakuwa mwepesi. Nikamwambia Bi Mize, "Wache wakate." Nikamweleza na sababu!

Bi Mize ni mpole, mnamjua. Siku ile sauti yake ilisikika mpaka wodi ya wazazi. "Wakate? Wakate nini? Mguu huo ni wako peke yako? Nani atasimama kwenye karai? Nani alokupa ruhusa ya kumtupia Mungu mguu alokupa?" Akamgeukia daktari pale pale. "Daktari, huyu ndo anafungua. Anatia udhu. Miaka kumi na miwili anafungua, na miye nimenyamaa nikamwonea haya, na haya zangu leo zimekwisha." Akavaa baibui lake akatoka.

Nilidhani kanikasirikia amekwenda kwao. Alasiri akarudi, amemshika mkono Bi Mwalimu Raya.

Walio wadogo hawamjui, niwajulishe. Bi Mwalimu Raya alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani kwake, na nusu ya wazee mnaowaona humu alitusomesha yeye, sisi tukiwa watoto tunakaa chini na mbao zetu. Wakati ule ameshapita miaka themanini, hatoki nyumbani, macho yamefifia. Alipandishwa ngazi za hospitali kwa kubebwa na kiti. Mimi, mwanamume wa ndevu nyeupe, nilipomwona nilivuta shuka nikajifunika kama mtoro.

Hakuniuliza hali. Akakaa, akasema, "Nileteeni maji kikombeni. Kombo, tia udhu nikusikie."

Nikaanza. Uso, mikono, kichwa. Alikuwa ameinamisha sikio, anafuata maji yanavyodondoka kwenye beseni. Nilipofika miguuni, nikaushika wa kulia na kutafuta ncha ya bandeji, akanipiga mkono.

"Hapo. Hapo pana nini?"

"Pana bandeji, Bi Mwalimu."

"Na penye bandeji nilikufunza nini?"

Nikasema, "Hukunifunza kitu."

"Miye nimefunza chuo kizima! Hamadi huyo," maana Bi Mize alikuwa ameshamweleza yote, "Hamadi wa Kisiwa Panza anajua, wa kwangu hajui? Kombo, siku ya bandeji na ya kutayamamu weye ulikuwa wapi?"

Na hapo, ndugu zangu, nikakumbuka. Wallahi nikakumbuka! Nilikuwa Pujini kwenye mchezo wa ng'ombe. Nilitoroka chuo siku mbili, mimi na binamu yangu, tukaenda kuangalia fahali anavyochezewa. Niliporudi Bi Mwalimu alinichapa fimbo sita, nikalia, nikakaa kwenye mkeka wangu. Chuo kilikuwa kimeshafika kwenye mlango mwengine. Sikuuliza nimepitwa na nini. Nikasoma mbele, nikahitimu, nikaadhini, nikasahihisha udhu wa watu nusu karne, na pale katikati ya elimu yangu pana shimo la ukubwa wa fahali.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Fimbo nilikupa, somo sikukupa. Hilo ni langu, na Mungu anisamehe. Lakini miaka hamsini hukuuliza. Hilo lako."

Halafu akanishika mkono wangu uliokuwa na ubichi wa maji, akaupitisha mwenyewe juu ya bandeji, kwa upole, mara moja. "Penye uzima osha. Penye bandeji pangusa. Na kwa nyama isofikiwa na maji, tayamamu kwa vumbi safi. Na daktari akisema hata ubichi usifike, basi tayamamu yakutosha. Mungu ndiye alokupa ruhusa hii, mwanangu. Weye nani unayemrudishia?"

Nililia, ndugu zangu. Sikulia kwa maumivu, maana maumivu nilikuwa nimeyazoea na kuyafanya ufalme wangu. Nililia kwa sababu miaka kumi na miwili nilidhani nampa Mungu, kumbe nilikuwa nikimkatalia. Ameniwekea mlango wazi, nami napita dirishani ili watu wanione nilivyochubuka!

Nikaswali pale kitandani nimekaa, mguu umefungwa, Hamadi pembeni yangu naye mkono umefungwa. Bi Mwalimu akatuambia tunyamaze tusikae tukilia kama walioachwa. Baada ya swala nikamwomba Hamadi anisamehe. Akacheka, akasema, "Mzee Kombo, miye ulipokuwa ukinifunza nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu kasoma sana au hajasoma kabisa." Nikamwambia vyote viwili.

Daktari alipopita jioni nikamwita. Nikamwambia nilikudanganya. Nilifungua mimi, nikafunga mimi, na ukiniuliza tena sasa nitakwambia kweli. Alinitazama kwa hasira, na alikuwa na haki ya hasira yake. Akasema, "Ningekukata mguu, mzee. Kwa uongo wako ningekukata mguu na nisipate usingizi." Halafu akashusha pumzi, akavuta kiti, akanieleza upya kila kitu kuanzia mwanzo, na safari hii nikamsikiliza.

Siku nane nilisafishwa, bandeji ikakaa ilivyofungwa. Usaha ukaisha. Nyama ikawa nyekundu, safi, kama ya mbuzi wa asubuhi. Wakanirudisha chumba cha upasuaji, wakachukua ngozi ya paja la pili, wakabandika. Siku tano nyingine! Adhana ikilia, napangusa kichwa, naosha panapooshwa, natayamamu, nasema Allahu Akbar. Mara ya kwanza moyo ulinipiga kelele kuwa swala haijatimia. Nikauambia, nyamaza, weye siku hiyo ulikuwa Pujini.

Siku ya tano daktari akaja na mkasi. Wodi nzima ilijua. Watu walikaa juu ya vitanda vyao, walioweza kusimama wakasimama. Bi Mize aliugeukia ukuta, anasoma anachosoma. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chachi ya mwisho akailowesha kidogo ili isivute, akaiinua polepole.

Ngozi ilikuwepo! Ilikuwepo, ndugu zangu, ya waridi, imelala, imeshika! Daktari akaibonyeza kwa kidole ikawa nyeupe, akaachia, ikarudi nyekundu. Damu inapita! Akasema, "Imekubali." Neno moja tu, imekubali. Hamadi akapiga takbir kwa sauti ya mtu anayeita boti nyengine baharini, na wodi nzima ikaitikia. Allahu Akbar! Muuguzi alikuja mbio kutunyamazisha, akaona mguu, akaanza kulia yeye. Itikieni na nyinyi, mnangoja nini? Allahu Akbar!

Mguu ndio huu, tazameni. Usione haya, sogea. Una shimo kidogo, ngozi yake ina mabaka kama ramani, na haioti nywele. Wakati wa baridi unaniuma. Kila miezi michache nilikwenda kuminywa mtoki, na mpaka sasa nikiitwa nakwenda, wamesema hawaoni kitu. Nasimama kwenye karai kutwa nzima. Ijumaa ya kwanza niliyorudi humu, imamu aliposema tusawazishe safu, yule jirani yangu alikuja akanibana bega mpaka nikayumba. Sijapata kubanwa vizuri hivyo tangu nizaliwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, aliyenivumilia nikiwa mjinga mwenye sauti kubwa. Namshukuru Bi Mize, ambaye haya zake ziliisha siku ile ile ilipohitajika ziishe. Namshukuru daktari, na wauguzi, na Hamadi, ambaye kila Idi ananiletea samaki na mimi nampa halua. Bi Mwalimu Raya ametangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu na amwangazie kaburi lake.

Sasa ndugu zangu, nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonisimamisha, si Shehe peke yake. Tumeswali sasa hivi. Nilipogeuka kuja kusimama hapa, niliona mkeka wa safu ya pili una doa bichi. Si maji ya udhu. Na mara mbili wiki hii nimesikia harufu ya udi mwingi kuliko unaohitajika, na harufu hiyo mimi naijua, niliivaa miaka.

Sitakutaja jina. Sitakutazama hata upande wako, naitazama nguzo. Lakini nakwambia wewe uliyevuta kanzu ukafunika mguu nilipotaja kingo zilizopinduka. Usiniambie ni kidonda ndugu kitapoa. Usiniambie umesoma. Usiniambie ni hasadi ya watu, sikwambii huna wa kukuhusudu, nakwambia hasadi hainuki hivyo. Kifunge, kisitiwe maji, upanguse juu, uswali, Mungu amekubali zamani. Na kesho asubuhi twende hospitali, mimi nawe, uminywe mtoki, ugonjwa ukiwa bado haujapanda.

Najua utakataa. Mimi ningekataa. Mguu ni wako lakini ukaidi ule ni wangu, naujua vyumba vyake vyote. Saa mbili asubuhi nitakuwa barazani kwako, na usipotoka nitakaa mpaka utoke, na nitasema kwa sauti. Bi Mwalimu hayupo tena wa kupandishwa ngazi na kiti aje akushike mkono.

Nipo mimi.